Karatasi Ikitoka, Kinabaki Nini

Ukiingia mahakama ya wilaya asubuhi na kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, bila hata kujua kesi ni ya nani, utamtambua mshtakiwa asiye na wakili kwa jambo moja. Shahidi akishaomba karatasi yake ipokelewe, hakimu humgeukia mshtakiwa: "Una pingamizi lolote?" Mwenye wakili humtazama wakili wake. Asiye na wakili humtazama karani, akamtazama na askari magereza, kisha husema, "Sawa tu, mheshimiwa." Kwa miaka mingi, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama, ile "sawa tu" iliingia kwenye kumbukumbu kwa Kiingereza, kwamba mshtakiwa hana pingamizi. Karatasi inagongwa muhuri, inaandikwa Kielelezo P1, shauri linasonga mbele.

Mimi ni wakili wa kujitegemea. Kesi zangu nyingi ni za jinai, na zimenizungusha Shinyanga, Kahama, Nzega na Tabora kwa mabasi ya alfajiri. Nilianza na rufaa kabla ya kuzoea kesi zenyewe, na ninashukuru ilikuwa hivyo, maana rufaa humpa wakili kesi iliyokwisha kufa aipasue aone ilikufia wapi. Nyingi nilizozipasua zilikufia pale pale kwenye "sawa tu".

Lakini kuna rufaa moja iliyonifunza upande wa pili, ambao mawakili wengi tunauchelewa. Kijana alikuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Alikuwa amejitetea mwenyewe. Mama yake aliniletea nakala ya mwenendo wa shauri ndani ya mfuko wa rambo, kurasa zimejikunja kwenye kona kwa kufunguliwa na watu wa kila namna. Nilipoisoma nikaona maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi huyaandika kituoni kutoka kwa mtuhumiwa, yalipokelewa, hati ya upekuzi na ukamataji ilipokelewa, na hakuna popote palipoandikwa kwamba zilisomwa mbele ya mshtakiwa.

Kwa wakili wa rufaa hiyo ni siku njema. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri, mwaka 2003, mpangilio unajulikana. Kwanza nyaraka isafishiwe njia, maana yake shahidi aeleze ni kitu gani na kimetoka wapi, upande wa pili uulizwe kama unapinga, na mahakama iamue. Ikishapokelewa ndipo isomwe kwa sauti. Ikisomwa kabla ya kupokelewa, hakimu anakuwa ameshasikia jambo ambalo pengine hakustahili kulisikia kabisa. Isiposomwa baada ya kupokelewa, mshtakiwa anaendelea na kesi bila kujua karatasi inamsema nini, na anatakiwa ajitetee dhidi yake. Adhabu ya kosa hilo ni nyaraka kufutwa kwenye kumbukumbu.

Nikapeleka hoja hiyo Mahakama Kuu. Jaji akakubali, akafuta karatasi zote mbili. Mama yule alikuwa amekaa nyuma yangu, nikamsikia akivuta pumzi. Jaji akaendelea kusoma. Mwenye pikipiki iliyonyang'anywa alikuwa ameitambua kwa namba ya chesisi na kwa kadi yake. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameeleza kwa mdomo wake, akiwa chini ya kiapo, jinsi alivyoitwa na jinsi pikipiki ilivyotolewa chumbani kwa kijana siku chache baada ya tukio. Hati ya ukamataji imekwenda, lakini maneno ya mwenyekiti yamebaki. Rufaa ikatupwa.

Nje, chini ya mwarobaini, mama akaniuliza: "Baba, si amesema karatasi zimefutwa?"

"Ndiyo mama, zimefutwa."

"Sasa mwanangu wanamfunga kwa lipi?"

Nilimweleza, na sidhani kama maelezo yangu yalimsaidia. Mimi swali lake lilinisaidia sana. Nikiwa kwenye kesi sasa, kabla sijasimama kupinga karatasi yoyote huwa nafunika karatasi hiyo kwa mkono mezani na kujiuliza: hii ikitoka, kinabaki nini? Kama kuna shahidi atakayepanda kizimbani na kusema yale yale kwa mdomo, na akaaminika, pingamizi langu ni kelele tu. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi wa mdomo wa mtu aliyeona unaweza kuziba pengo la nyaraka iliyofutwa. Wakili anayeshinda pingamizi huku akishindwa kesi hupongezwa na wenzake kantini. Mteja wake anapanda karandinga.

Ziko karatasi ambazo zikitoka, kesi nzima inatoka nazo. Maelezo ya onyo ndiyo mfano mkubwa. Katika kesi nyingi za mauaji na unyang'anyi zinazotoka vijijini hakuna aliyeona kitu. Kuna maiti, kuna tetesi, halafu kuna kurasa tatu au nne zilizoandikwa kituoni ambamo mtuhumiwa anasimulia kila kitu kwa ufasaha ambao hata mimi sina. Hapo ndipo nguvu za kupinga zinapaswa kwenda.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu tangu alipokamatwa. Wakihitaji zaidi, kuna utaratibu wa kuongeza: mkuu wa upelelezi anaweza kuongeza saa 8, na zaidi ya hapo ni hakimu. Kama ni safari ya kumpeleka mtuhumiwa sehemu kwa ajili ya upelelezi, muda huo hauhesabiwi. Wengi tunazijua namba hizi kwa kichwa tangu zilipokuwa kifungu cha 50 na 51. (Toleo jipya la sheria lililoanza kutumika Julai 2025 limesogeza namba za vifungu, kwa hiyo anayenakili hoja za miaka ya nyuma bila kuhakiki atajiaibisha mbele ya jaji.)

Mengi yanategemea namna ya kupinga. Anayesema "sikuandika kabisa maelezo haya, saini si yangu" na anayesema "niliandika, lakini nilipigwa" wanaleta mapingamizi mawili tofauti, na ukiyaleta yote mawili kwa pamoja yanagombana. Hilo la pili likitolewa, mahakama inapaswa isimame na kufanya uchunguzi juu ya hiari peke yake. Mahakama Kuu tunaita kesi ndani ya kesi, na Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alisema kwa ridhaa yake. Nimekwenda mahabusu kuwaona wateja wengi kwa ajili ya jambo hili moja. Nauliza taratibu: ulikamatwa ukiwa unafanya nini? Adhana ilikuwa imeshatoka? Gari lilisimama wapi? Kwenye selo mlikuwa wangapi, na nani alikuona ukirudishwa? Nani alikuletea chakula, na alikukuta una hali gani? Mtu hakumbuki saa, lakini anakumbuka kwamba alikuwa hajala mchana. Na daktari wa gereza naye ana daftari lake la mapokezi. Kama mteja alipokelewa anachechemea, limeandikwa.

Muda wa kusema ni kabla karatasi haijapokelewa. Hapa ndipo mama zetu na baba zetu wanaoshtakiwa bila wakili wanapoumia. Mshtakiwa huja kusema "nilipigwa" siku ya utetezi wake, miezi mingi baada ya Kielelezo P3 kukaa kwenye faili. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Nyerere Nyague kwa mfano, imeshasema kwamba maelezo huchukuliwa kuwa ya hiari mpaka yapingwe, na wa kuyapinga ni mshtakiwa, wakati yanapotolewa. Akichelewa, mahakama inaona ni fikra ya baadaye. Sheria ndivyo ilivyo, na ninaielewa sababu yake, ila sijawahi kuona haki katika kumtaka mfugaji aliyelelewa machungani ajue kwamba mlango wa kulalamika kuhusu kipigo ni swali moja linaloulizwa siku moja kwa sauti ya kawaida kabisa. Baadhi ya mahakimu humwambia mshtakiwa waziwazi: "Karatasi hii inasema wewe umekiri. Je, ni kweli uliandika? Kwa hiari yako?" Haiwachukui hata dakika mbili. Ningependa wote wafanye hivyo.

Wenzetu Kenya walichagua njia nyingine. Kwao ungamo la polisi halipokelewi mpaka liwe limechukuliwa na ofisa mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Haikuondoa ugomvi wote, lakini imeondoa ule wa kwetu wa kila siku, wa mpelelezi yule yule kukamata, kuhoji, kuandika, na kuja kuitetea karatasi yake mahakamani.

Anayetaka kuona ugomvi huu ulivyo hadharani aikumbuke kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake watatu, iliyoanza kusikilizwa mwaka 2021 katika Divisheni ya Mahakama Kuu ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Nchi nzima ilifuatilia kesi ndani ya kesi kuhusu maelezo ya onyo ya mmoja wa washtakiwa, kwamba yalichukuliwa nje ya muda na baada ya mateso, huku Jamhuri ikijibu kwa hoja ya safari ya kutoka Moshi hadi Dar es Salaam. Oktoba 2021 Jaji Mustapha Siyani alitupa pingamizi na maelezo yakapokelewa. Ndugu zangu wasio wanasheria walinipigia simu wakidhani kesi imekwisha. Haikuwa hivyo. Mawakili waliendelea kupinga nyaraka zilizofuata mbele ya Jaji Joachim Tiganga aliyeipokea, na Machi 4, 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi mahakamani. Mengine yaliyozunguka kesi ile si ya kisheria na sitayaingia, ila kwa mara ya kwanza nilisikia watu wakibishana kwenye daladala kuhusu rejesta ya mahabusu: ilitoka kituo gani, imeletwa na nani.

Kuhusu nani amelileta daftari, hapo napo nimepata ushindi mwepesi ambao sikuutafuta. Wa kutoa kielelezo ni shahidi. Mwendesha mashtaka hawezi, kwa sababu hajaapa na hawezi kuulizwa maswali ya dodoso. Lakini mazoea yana nguvu. Shahidi akishatambua karatasi, mwendesha mashtaka husimama na kusema "naomba kuitoa kama kielelezo", na hakimu aliyechoka huandika hivyo hivyo. Mkiwa kwenye kesi, simama useme. Wakati mwingine wakili wa serikali hucheka tu na kumwambia shahidi wake, "Haya, iombe mwenyewe," tukaendelea. Sioni aibu kwa kumsaidia mwenzangu kurekebisha. Wapo wanaonyamaza makusudi ili kosa likomae hadi rufaa. Mimi sifanyi hivyo mteja akiwa rumande, kwa sababu rufaa ni miaka, na miaka hiyo anailala yeye.

Sasa niseme juu ya karatasi nilizoziacha ziingie, maana hizi ndizo watu hawaniamini.

Kijana wa bodaboda, kesi ya bangi. Alikamatwa na begi kwenye njia ya kuingilia mji, hivyo ndivyo Jamhuri ilivyosema. Hati ya ukamataji ilikuwa na kila kasoro unayoweza kuiombea: jina la baba limekosewa, saini ya shahidi huru iko nje ya mstari, uzito haukuandikwa. Wakili mdogo niliyekuwa naye alishaanza kuinuka. Nikamshika koti. Kwenye kona ya juu, kwa wino mweusi, hati ilisema begi lilikamatwa saa 10:20 jioni. Na kwenye mafaili tuliyopewa nilishaiona nakala ya rejesta ya vielelezo ya kituo: begi limepokelewa stoo saa 12:05 jioni. Hapo sawa, saa mbili kasoro, muda wa kufika kituoni.

Ila shahidi huru, balozi wa mtaa ule, mzee mtaratibu aliyevaa baraghashia, alikuwa bado hajasikilizwa. Na maelezo yake aliyoandikisha polisi yalisema aliitwa usiku.

"Hatuna pingamizi, mheshimiwa," nikasema. Hati ikaingia, ikasomwa kwa sauti, na ile saa 10:20 jioni ikasomwa ikasikika. Rejesta nayo ikaja na mtunza vielelezo, hatuna pingamizi. Ikasomwa. Kisha akaja mzee.

"Mzee wangu, shikamoo. Siku ile ulikuwa unafanya nini ulipoitwa?"

"Marahaba. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari."

"Ya saa ngapi?"

"Ya saa 2. Ya usiku. Ilikuwa inaishia kwenye michezo, ndipo wakabisha hodi."

Mpelelezi aliitwa tena kufafanua, na alijaribu: alisema hutumia saa za Kizungu, kwamba 10:20 ni ile ya usiku, ambayo sisi tungesema saa 4:20. Ingeweza kupita. Makarani na askari wetu wanachanganya saa kila siku, na kwa mahesabu yake hata ule usiku wa mzee ungeweza kukubalika. Lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa umeandika "jioni". Na hata tukikubali kwamba alimaanisha usiku, begi liliingiaje stoo saa 12:05 jioni kabla halijakamatwa? Hapo nikakaa. Hakimu alirejea shauri la Paulo Maduka, ambalo ndilo tunalolinukuu sote kuhusu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yaani karatasi zinazofuatana kuonyesha kitu kilikamatwa lini, kikashikwa na nani, kikapelekwa wapi, kikachunguzwa na nani. Mnyororo ulikuwa umekatika kwa karatasi zao wenyewe. Kama hati ile ingefutwa kwa pingamizi langu, angebaki askari kusema kwa mdomo saa yoyote anayotaka.

Tangu hapo nyaraka ya upande wa pili huwa naisoma kwanza kama rafiki. Saa, tarehe, namba ya jalada, uzito, rangi ya bahasha, nani alifunga lakiri. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kusema gramu tofauti na za hati. Ikiwa hivyo, iingie, isomwe polepole.

PF3 ina hesabu yake. Hii ni fomu ya polisi anayopewa mtu aliyeumizwa au kubakwa akatibiwe, na daktari anaijaza. Sheria, kile kilichokuwa kifungu cha 240(3), inamtaka hakimu amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe. Hakimu asipomwambia, PF3 inapoteza thamani yake. Mahakama ya Rufani imezifuta nyingi kwa kosa hilo. Mawakili wapya hufurahia sana hoja hii. Mimi huwarudisha kwenye swali la mama yule. Katika kesi ya ubakaji, tangu shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006, ushahidi bora kabisa ni wa mwathirika mwenyewe. Akisimama binti akasimulia na akaaminika, PF3 iwepo isiwepo, hukumu inasimama. Na ukisisitiza daktari aitwe, jiandae, maana karatasi ina mistari mitatu ya mwandiko usiosomeka, na daktari anakuja na kichwa chake chote. Nimemwona mmoja, kijana wa kituo cha afya, akiulizwa na wakili mwenzangu swali moja la kejeli kuhusu mwandiko wake. Alijibu kwa utulivu kwa karibu nusu saa, akieleza kila alama aliyoiona na kwa nini haiwezi kuwa ajali. Hakuna karatasi ingeweza kumfunga mshtakiwa yule kama maelezo yale.

Tena, niseme wazi, kuna kesi ambazo sitaki karatasi itoke kwa ujanja wangu. Nimekaa na wazazi wa watoto walioumizwa pia, kwa kuwa huwa tunaombwa ushauri na pande zote. Wakati mwingine mtu hutoka kwa sababu karani hakuandika mstari mmoja kwamba nyaraka ilisomwa, ingawa kila aliyekuwepo aliisikia ikisomwa. Ninaitetea kanuni ile kwa sababu najua inamlinda nani, lakini aliyeharibu huwa hayupo kwenye chumba, na anayelipa ni mtoto. Mahakimu wanaoandika mstari ule, "Kielelezo P2 kimesomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa", wanawalinda watoto kuliko hotuba nyingi ninazozisikia kila mwaka kwenye Siku ya Sheria.

Kuna nyaraka zinazoingia kwa ukimya, na hizi ni hatari zaidi kwa sababu hakuna anayekuuliza chochote. Ya kwanza ni maelezo ya shahidi asiyeweza kufika mahakamani, amefariki, hajulikani alipo, au yuko nje ya nchi. Sheria ya Ushahidi, kifungu tulichozoea kukiita 34B, inaruhusu maelezo yake ya maandishi yapokelewe kwa masharti kadhaa, mojawapo likiwa kwamba upande wa pili upewe nakala na usitoe taarifa ya kupinga ndani ya siku 10. Nakala ile huletwa ofisini na kijana mwenye daftari la kusaini, ikiwa imechanganyika na barua za benki. Nimeweka kanuni kwa karani wangu: chochote chenye nembo ya Jamhuri kinasainiwa kwa tarehe na saa, na kinakuja mezani kwangu kabla ya chai.

Ya pili ni usikilizwaji wa awali, kile kifungu cha 192. Hapo maelezo ya kesi yanasomwa na mshtakiwa anataja yapi anayakubali na yapi anayakana. Yasiyobishaniwa yanaandikwa, yanasainiwa, na yanahesabika yamethibitishwa. Nyaraka nazo zinaweza kuingia hapo hapo. Ripoti ya uchunguzi wa maiti na mchoro wa eneo la tukio huingia hivyo katika kesi nyingi za mauaji, na mara nyingi sina sababu ya kuzuia. Kwamba marehemu amekufa na amekufa kwa jeraha la kichwa si jambo tunalogombania. Kukubali kunafupisha kesi, na mteja wangu yuko rumande. Lakini ripoti ya maiti ina mstari wa nani aliutambua mwili, na mchoro una maandishi madogo pembeni: "A ni mahali mtuhumiwa aliposimama". Nani aliiambia ramani? Hapo hukubali mchoro mzima. Unakubali kwamba kuna nyumba na mti, basi.

Miamala ya simu, picha za kamera na jumbe za WhatsApp sasa zinakuja kwa wingi, na hapo kazi ni kuuliza zilitoka kwenye kifaa gani, nani alizitoa, na kifaa kilihifadhiwaje. Nina rafiki wakili wa serikali anayesema kwamba karatasi ya kielektroniki inapingwa na kila mtu na kueleweka na wachache. Ninakubaliana naye, na ninamjumuisha yeye.

Jambo la mwisho nililiona nikiwa nimekaa tu, nikingojea kesi yangu iitwe. Mzee wa makamo, kesi ya kuvunja nyumba na kuiba, hana wakili. Maelezo ya onyo yalitolewa, akaulizwa, akajibu "sawa tu, mheshimiwa", yakapokelewa. Hakimu, mama mmoja anayeheshimika sana pale, akamwambia askari ayasome. Askari akasoma hadi kwenye uthibitisho wa mwisho, yale maneno ya kila siku: kwamba nimesoma maelezo yangu mwenyewe, nimeyaelewa, na nimeyathibitisha kuwa ni sahihi. Chini yake hakuna saini. Kuna dole gumba la wino wa bluu.

Mzee akanyoosha mkono, kama mtoto darasani.

"Mheshimiwa, hiyo inasema nimesoma mwenyewe?"

"Ndivyo inavyosema."

"Mimi kusoma sijui. Hata hilo jina langu hapo juu nimeonyeshwa leo."

Wakili wa serikali alisimama kusema kwamba karatasi imeshapokelewa na muda wa kupinga umepita. Alikuwa sahihi, na hakimu alimwambia hivyo. Kisha akaandika kwa muda mrefu. Karani aliniambia baadaye jinsi hukumu ilivyokuwa: maelezo yalibaki kwenye kumbukumbu kama yalivyopokelewa, ila mahakama haikuyapa uzito wowote, kwa sababu karatasi inayosema mtu asiyejua kusoma ameisoma haiwezi kuaminiwa katika mengine. Nje ya maelezo hayo alibaki mwenye nyumba tu, aliyeibiwa redio na godoro, na hakumwona mwizi. Mzee aliachiwa siku hiyo hiyo ya hukumu.